Shamba la Mbali

Hakuna mtu wa Kisiwani aliyewahi kumsahihisha Katibu. Nafasi ya kufanya hivyo niliipata mimi, mara moja tu, nikiwa mbele ya kompyuta yangu Ruiru, nikanyamaza. Kunyamaza kwangu kulikaribia kuwapokonya watu wa Kisiwani ardhi wanayoilima, na mama yangu ni mmoja wao. Kwa hiyo nikimsimulia mwanamke huyu sauti yangu itapanda na kushuka, mnivumilie.

Kisiwani kwetu hakuna bahari. Ni kipande cha ardhi huko chini Ngoliba, mahali mto unapogawanyika mikono miwili, ukazunguka, ukakutana tena. Kiangazi mkono mmoja hukauka na watu huvuka kwa kukanyaga mawe. Mvua ikinyesha huko juu milimani, hata kama kwetu hakujadondoka tone, maji huteremka na sisi hubaki ndani, siku tatu, wiki, na safari moja karibu mwezi mzima. Nyumba hazifiki thelathini. Tunalima nyanya, tikiti, papai na mishiri, yale maharagwe mabichi membamba yanayosafirishwa kwa ndege kwenda kuliwa na watu wasiotujua.

Kabla hajawa katibu wetu alikuwa mwalimu wetu. Siku ya kwanza ya jiografia aliuliza kisiwa ni nini, tukaimba kwamba ni nchi kavu iliyozungukwa na maji pande zote. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, kwa hivyo hapa kwetu ni kisiwa?" Akatazama mtoni kupitia dirishani, akalipima swali. "Mwezi wa nne na wa kumi na moja ni kisiwa," akasema. "Miezi mingine ni rasi. Andikeni." Tukaandika.

Alivaa gambuti nyeusi za mpira kila siku ya Mungu, hata Jumapili. Viatu vya kanisani alivibeba kwenye mfuko wa plastiki akavibadilisha mlangoni, huku akishika bega la yeyote aliyekuwa karibu. Mfukoni hakukosa kipande cha chaki, miaka mingi baada ya kustaafu. Chaki hiyo ilikuwa ya mto. Asubuhi alichora mstari kwenye jiwe kubwa la kivukoni, adhuhuri akarudi kuangalia. Mstari ukishafutwa na maji, hakuna aliyeruhusiwa kuvuka na kreti ya nyanya kichwani, hata kama broka wa kununua mazao amepaki pikapu ng'ambo na anapiga honi mpaka mbuzi wanashtuka.

Broka wetu walikuwa na tabia moja: kabla ya kuangalia nyanya waliangalia mto. Maji yakipanda, bei inashuka. "Mathe, mto ndio huyo anakuja," walimwambia mama yangu. "Niachie hizi hivyo, ama urudi nazo ukapikie samaki." Siku moja Katibu alisikia maneno hayo akiwa amesimama majini. Akageuka, akapiga makofi mara mbili kama vile kengele imelia, na wanawake wote wakabeba kreti zao wakarudi. Broka walibaki midomo wazi. Siku ile tulimpenda. Mvua haikukata wiki nzima, na tulipokuwa tunawamwagia ng'ombe nyanya zilizooza hatukumpenda hata kidogo. Mama alisema bei mbaya ni bei. Katibu alilisikia hilo, akaenda kuangalia mstari wake.

Lakini kilichomfanya aogopwe ni herufi mbili. Sisi Wakikuyu L hutuponyoka, hata tuliosoma. Tunasema chakura, rara, rori. Yeye pia ni Mkikuyu, tena ulimi wake ulikuwa mzito kama wetu, ila alikuwa ameufuga ujanani mpaka ukatii, na hakuona kwa nini sisi tushindwe. Aliyekosea alisimamishwa aseme: "Lori la Liliani limelala Limuru." Ukitoa "Rori ra Ririani rimerara Rimuru," unapelekwa kivukoni kuusomea mto mpaka ulimi ulainike. Nimesimama pale mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka, nikimwimbia Liliani huku watu wazima wakipita na mizigo wakinicheka. Ukirudi alikuambia, "Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi." Nililichukia lile neno, na nilimchukia yeye vilevile.

Hakuacha hata tulipokuwa watu wazima. Wazee walipomfanya katibu wa kikundi cha Kisiwani, aliandika kumbukumbu za kila mkutano kwa Kiswahili sanifu, kwa sababu majirani wetu kadhaa ni Wakamba na alitaka kila mtu asomewe lugha moja. Mtu akizungumza, yeye alimsahihisha kwa sauti ya chini huku akiandika. "Tumekura hasara." "Tumekula." "Hiyo daraja iko mbari." "Mbali." Wazee wa mvi wakarudia baada yake kama darasa la tatu. Mwaka hadi mwaka aliandika barua ya kuomba daraja. Ofisi moja ilipojibu hatimaye, barua ilikuwa imejaa makosa, basi akaisahihisha kwa kalamu nyekundu, akaipa sita kwa kumi, akairudisha kwa posta. Vijana walitaka kupasuka kwa hasira. Daraja halikuja, na sijui kama lingekuja hata bila ile sita.

Mara moja tu nilimwona bila silaha zake. Mto ulikuwa umechukua ng'ombe wake wa pekee, nami nikatumwa nimpelekee uji. Nilimkuta nyuma ya nyumba amepiga magoti kwenye tope, anaomba kwa Kikuyu, na R zilikuwa zinamtoka tele kama kwa nyanya yangu mzaa mama. Aliponiona alinyamaza, akajifuta uso kwa upindo wa sketi. "Mungu anaelewa Kiswahili," akaniambia kwa ukali, "lakini leo sikutaka kumsumbua." Nilirudi na kikombe kimejaa.

Sasa niseme la Mzee. Ardhi ya Kisiwani ilikuwa imeandikwa kwa jina la mtu mmoja, mzee wetu mkuu. Zamani hizo wenzake walimwamini aandikishwe yeye kwa niaba ya wote, kwani ndiye aliyejua kwenda ofisini. Ilikuwa ardhi ya mbari, yaani ya ukoo, pamoja na wale waliokaribishwa. Mzee mwenyewe alikuwa na shamba lake binafsi Gatuanyaga, karibu na barabara, na huko ndiko alikoishi. Alipoona nguvu zinamwisha aliitisha mkutano, akasimama na fimbo yake, akasema mbele ya kila mtu, "Hii shamba ya Kisiwani ni ya mbari. Nataka iandikwe, isilete maneno nikienda." Katibu akaandika, kila mtu akatia sahihi au kidole. Muda mfupi baadaye Mzee akaenda.

Wiki ileile ya mkutano, Mzee akiwa bado hai, kitabu kililetwa kwangu Ruiru, ambako nina saiba ndogo, chumba cha kompyuta na uchapaji, nyuma ya duka la dawa, nichape nakala ya Mzee na ya kila nyumba. Mwandiko wake ulikuwa uleule wa ubaoni. Nikafika pale: "Mzee alisema kwamba shamba la Kisiwani ni shamba la mbali."

Vidole vikasimama. Nilijua Mzee alisema nini, nilikuwepo. Yeye alikuwa amesikia R ya Mkikuyu na mkono ukaifyeka bila kumuuliza, kama ulivyozifyeka nyingine miaka yote. Nilishika simu nimpigie. Kisha nikamsikia kichwani akiniambia nikamsomee mto Liliani, na mimi ni mama wa watoto watatu. Nikaiweka simu chini. Nikachapa mbali.

Miaka minne ikapita na herufi ile ikalala. Kisha Njuguna, mtoto wa pekee wa Mzee, akapata mnunuzi. Mtu huyo alitaka Kisiwani nzima ajenge nyumba za wageni, wageni wa kutoka Nairobi wanaotaka kulala wakisikia maji. Njuguna hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonitia hofu. Alikuja akakaa na mama, akanywa chai, akamwambia, "Maitu, nyinyi mnazeeka mkiangalia nyanya zikioza. Huyu mtu ataleta daraja, ataleta stima. Hawa vijana watapata kazi hapa hapa." Mama akamuuliza, "Na sisi tutaenda wapi?" Akasema kutakuwa na kitu cha kumsimamisha kila mtu kwa miguu yake. Hakusema kitu gani.

Alihitaji barua ya chifu ya kuonyesha warithi wa Mzee. Chifu akasema atasikiliza pande zote Ijumaa, na akatoa onyo mapema: mashahidi wa Kisiwani wote wanakaa juu ya ardhi hiyo, wote wana faida, kwa hiyo atategemea kitabu cha Katibu.

Jumatano Katibu alisimama mlangoni mwa saiba yangu, gambuti zimejaa tope la Ngoliba. Hakuwahi kufika pale kabla. Alifungua kitabu juu ya meza yangu, akaweka kidole.

"Wewe ulichapa hapa."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Uliona?"

Nilitamani kusema sikuona. "Niliona."

"Ukanyamaza kwa nini?"

Hasira ya miaka thelathini ikanisaidia. "Kwa sababu wewe husahihishwi, Mwalimu. Nani angekuambia? Tulikuwa tunapelekwa mtoni!"

Aliketi kwenye kiti cha wateja. Kijana aliyekuwa akijaza fomu pembeni akaondoka polepole bila kuaga. Nilifunga mlango, nikavuta kiti karibu, nikamwambia kile nilichokuwa nikikifikiria tangu nisikie habari ya chifu. Faili ilikuwa bado kwenye kompyuta. Ningebadilisha herufi moja na kuchapa upya nakala zote. Kwenye kitabu, wino wake ulikuwa uleule wa bluu, na L ukiipinda kichwa kidogo na kuifupisha mguu inakuwa R. Ni ukweli, nikamwambia. Mzee alisema mbari. Tunarudisha tu alichosema.

Alichukua kalamu yangu. Aliishika juu ya ile herufi muda mrefu, na mimi nilikuwa nasikia feni ya kompyuta. Nilimwona mama akifunga vyombo. Andika, nikasema moyoni, andika, mara hii moja tu.

Akaiweka kalamu chini. "Kumbukumbu zikishatiwa sahihi hazifutwi," akasema.

"Watu watafukuzwa, Mwalimu!"

"Nimesikia." Alikifunga kitabu ndani ya karatasi ya nailoni, tabaka mbili, kama alivyofanya kila mara kabla ya kuvuka. Alitoka bila kuniaga, na siku ile nilimchukia upya.

Ijumaa ofisi ya chifu ilijaa, wengine wakasimama madirishani. Njuguna alivaa koti. Mama alikaa mbele na mkoba wake mapajani, ameushika kama kuna mtu anataka kuuvuta. Kijana mmoja wa bodaboda, mtoto wa jirani yetu kabisa, alisimama wa kwanza. "Chifu, mimi niseme tu ukweli. Mimi niko upande ya Njuguna. Huko Kisiwani hakuna form, hakuna kazi. Mvua ikikam, nduthi yangu ya kubeba watu inalala, na mimi nalala njaa." Wazee waliguna, lakini hakuna aliyemwambia ni mwongo.

Kisha Njuguna akatoa karatasi kwenye koti. Ilikuwa nakala yangu, niliyoichapa mimi, ameitoa kwenye sanduku la babake. Kama kitabu kingekuwa na R, pale pale tungekuwa waghushi mbele ya serikali.

"Baba alikuwa na shamba mbili," Njuguna akasema. "Ya karibu, Gatuanyaga. Na ya mbali, Kisiwani. Zote zake. Imeandikwa hapa, na nyinyi wote mkaweka sign."

Chifu akamgeukia Katibu. "Mwalimu, kitabu kinasema hivyo?"

Alisimama, akafungua, akasoma kwa ile sauti ya darasani: shamba la mbali. Hakumeza herufi. Mama alifumba macho.

"Kinasema hivyo," akasema. "Nimekosea mimi. Mzee alisema mbari."

Minong'ono ikapanda. Chifu akainua mkono. "Mwalimu, na heshima yote. Miaka nne baadaye, siku ya kesi, ndiyo unakumbuka?"

"Sikukumbuka. Nilisoma kitabu chote wiki hii." Akalamba kidole, akafungua ukurasa wa mwanzo kabisa. "Nisomee watu?"

Chifu akakubali kwa kichwa. Akaanza.

"Ukurasa wa tatu. 'Wanakikundi walikubaliana kuandaa kalamu ya Krismasi, na kila nyumba ilete mchele.' Ilikuwa karamu. Ukurasa wa tano. 'Kila mtu apige kula bila kushurutishwa, na apige kwa siri.' Ulikuwa uchaguzi wa mwenyekiti. Walisema kura."

Mtu akacheka dirishani. Yeye hakuinua uso. Aliendelea, ukurasa baada ya ukurasa, akisoma kosa, akitaja lilivyotamkwa, akihamia lingine. Mwanzoni watu walicheka mpaka wakashikana. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeingojea siku hiyo tangu utoto. Kisha kicheko kikapungua chenyewe. Kalamu yake nyekundu ilikuwa imepita kitabu kizima, kila kosa limezungushiwa duara. Alikuwa anajisimamisha kivukoni mbele yetu sote.

"Mwalimu," chifu akasema kwa upole, "kama kitabu kimejaa makosa, mimi nitakiamini aje?"

"Kosa moja ni bahati mbaya," akasema. "Haya yote yanafanana. Sijawahi hata mara moja kumwandikia mtu R mahali aliposema L. Nilikuwa naona R nakata. Huo ndio mkono wangu, chifu, na ndio uliomkata Mzee."

Akafungua ukurasa mwingine, akamtazama Njuguna. "Ukurasa wa kumi na nne. Ni mkutano wa kuchangia arusi yako. 'Mzee aliwaomba wanakikundi wamsaidie, ili mahali ya Njuguna yapelekwe Gatundu kabla ya mwisho wa mwaka.'" Akashusha kitabu. "Njuguna, baba yako alipeleka mahali Gatundu, au mahari?"

Njuguna aliitazama karatasi yake. Mkewe alikuwa amekaa nyuma yake na alikuwa anamtazama kisogoni.

"Jibu swali," Katibu akasema, si kwa ukali.

"Mahari, Mwalimu."

"Yalipelekwa?"

"Yalipelekwa."

"Na nani?"

Njuguna alimtazama mama, akawatazama wale wazee wawili waliobaki wa rika la baba yake. "Na watu wa Kisiwani," akasema. "Na mbari." Ile R ilimtoka safi kabisa, na nadhani aliisikia mwenyewe, maana aliikunja nakala yangu akairudisha mfukoni.

Chifu aliandika barua yenye majina ya nyumba zote. Mama hakushangilia. Alifungua mkoba, akatoa leso, akaanza kulia kwa sauti, na mimi nikamfuata.

Pale nje Njuguna alimngoja Katibu. Nilidhani atamtukana. "Madam, umeshinda," akamwambia. "Lakini mto bado uko, na nyanya bado zitaoza. Hiyo nayo utaisoma kwa kitabu gani?" Katibu alishika mfuko wake wa viatu, akaelekea kivukoni. Jibu hata leo hatujalipata. Yule kijana wa bodaboda amehamia Murera, anabeba mawe ya kujengea, na wengine wawili wamemfuata.

Katibu nilimwona mwisho Novemba iliyopita. Alikuwa ameacha ukatibu siku ileile ya Ijumaa, na hakuna aliyekubali kukishika kitabu, basi kilikuwa bado mezani kwake. Alikuwa amepungua, gambuti zinamcheza miguuni. Nilimpelekea sukari na majani ya chai. Tukaongea kuhusu mishiri, na kuhusu akina mama walioanza kukausha nyanya juu ya mabati, wengine wanauza, wengine wanalalamika. Nilitaka kumwomba msamaha kwa ile simu ambayo sikupiga. Nilianza, akanikatiza.

"Ningekupeleka mtoni," akasema. "Ulikuwa sahihi kuogopa. Mimi ndiye niliyekosea, kufurahia kuogopwa."

Maji yalikuwa yanapanda. Alinisindikiza hadi kivukoni na kuangalia jiwe lake. Mstari ulikuwa umebaki upana wa kidole juu ya maji. "Nenda sasa hivi," akasema. Nilivua viatu nikavuka haraka, maji yakinivuta magotini, na nilipofika ng'ambo nikageuka. Alikuwa amesimama palepale, mkono umeinuliwa, chaki ikiwa bado vidoleni.

"Msichana!" akaita juu ya kelele ya maji. "Uje tena upesi! Usitukaire mbari!"

Nilingoja ajisahihishe. Aliinama, akachora mstari mpya juu kidogo ya ule wa kwanza, akarudi nyumbani.